Mwaka Ambao Chumvi Ilikaa kwa Bi Somoe

Mwezi uliopita alikuja mtu kununua watoto wa nguruwe, nikamjua kwa paji la uso kabla hajataja jina. Alisimama langoni pangu hapa Masasi, nyuma ya hospitali ya Mkomaindo, kofia mkononi, akaniamkia shikamoo. Niliitika marahaba huku macho yangu yako kwenye paji lile pana lililotokeza mbele kidogo, na mikunjo miwili ya kusimama kati ya nyusi. Mara ya mwisho nililiona likiwa la mtoto, limepakwa mafuta likang'aa, siku ya kutoka kumbini, kwenye jando, huko Newala. Sasa lilikuwa la mtu mzima mwenye mvi za kwanza. "Wewe ni Nestori," nikamwambia. Akanitazama, akacheka polepole. "Basi wewe ni Bwana Salfa." Jina hilo hakuna aliyekuwa ameniita tangu ujana wangu. Nilimkaribisha bandani kwa sababu sikujua nimkaribishe wapi kwanza.

Alitaka watoto waliokwisha kuachishwa ziwa, na aliuliza wanachouliza wanunuzi wote: wanakula nini? Nina jibu langu kwa mpangilio, maana nimelitoa mara nyingi. Nilimwonyesha pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, soya iliyokaangwa, dagaa waliosagwa, unga wa majani ya mlonge, premiksi ya vitamini na madini, na kile kipakiti cha bakteria rafiki kinachouzwa siku hizi kwenye maduka ya pembejeo, ambacho nimekijaribu kwa uzao mmoja na kuunyima mwingine kabla ya kukiamini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na chumvi unatia mwenyewe?" Katika miaka yote hii hakuna mnunuzi aliyeniuliza habari ya chumvi. Nikamwuliza amelitoa wapi swali hilo. "Kwa Mama," akasema. "Mama Nestori hajambo?" Aliigeuza kofia yake upande wa pili. "Tulimzika kule Tunduru, kabla ya mvua."

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba katika ua wa mama yake, Newala, upande ambao barabara inaanza kuelekea ukingoni, pale ardhi inapokatika na bonde kuonekana chini likiwa na ukungu. Kilikuwa chumba cha udongo chenye kitanda cha kamba, dirisha la ubao mmoja, na msumari wa kutundika nguo zangu za kazi. Msimu wa kiangazi kazi yangu ilikuwa kupulizia mikorosho ya watu salfa, dawa ya ukungu wa majani. Tulianza alfajiri, umande ukiwa bado majanini ili unga ushike, na nilirudi nyumbani nikiwa wa njano kuanzia kope hadi vidole vya miguu, macho yanawaka. Mama Nestori alinipa jina hilo siku ya kwanza aliponiona nikiingia hivyo. "Karibu Bwana Salfa," alisema, "pitia nyuma, usije ukanitibu na mimi ukungu." Alikuwa amenizidi miaka michache. Mumewe alikuwa amekwenda Tunduru kwenye mawe ya thamani, akakaa huko miaka bila salamu wala nauli, mpaka kaka yake Mama Nestori akatamka mbele ya wazee kwamba dada yake hana tena mume wa kumngoja.

Tulikuwa na nguruwe jike mmoja, wa kwake, na banda nililolijenga mimi kwa miti na udongo. Mchanganyiko wa chakula nilimpangia mimi kutokana na kitabu kikuukuu cha ufugaji nilichokinunua sokoni Masasi, kisicho na jalada. Kuchanganya na kulisha ilikuwa kazi yake, kwa sababu mchana kutwa nilikuwa mashambani. Jike alipozaa, uzao ulikuwa mzuri. Jioni tulikaa jikoni, yeye kwenye kibao cha mbuzi, mimi kwenye kinu kilichopinduliwa, sufuria ya ming'oko ikichemka katikati yetu, na tulizungumza juu ya wale watoto kama watu wanavyozungumza juu ya nyumba watakayoijenga. Bado nakumbuka harufu ya ile mizizi, ya udongo mtamu, na jinsi alivyoimenya bila kutazama, akiutazama moto. Nikimkumbuka, humkumbuka kwa upande mmoja wa uso, uliokuwa upande wa moto. Ule mwingine umeanza kunipotea.

Jioni moja nilimwambia, "Mama Nestori, mimi nataka kubaki hapa."

"Nani anakufukuza? Chumba ni chako."

"Sisemi chumba."

Alitoa mng'oko mmoja, akaupuliza, akanipa. "Jumamosi Nestori anaingia kumbini," akasema. "Mtoto akiwa kumbini, mama hasemi maneno hayo wala hayasikii. Akitoka, nitakujibu."

"Na jibu likiwa la hapana?"

"Nimesema akitoka. Na hao watoto wa nguruwe wakue. Nitamjibu mtu vipi wakati banda ni tupu?"

Hilo ndilo nililokuwa nalo msimu ule: jibu lililowekwa akiba, na watoto kumi wa nguruwe waliopaswa kufika hai mpaka siku ya kulipokea.

Jumamosi ile Nestori alichukuliwa na mjomba wake, na wiki hiyo hiyo tuliwaachisha watoto wa nguruwe ziwa. Anayewafuga anajua kwamba siku hiyo mtoto wa nguruwe hupoteza vitu viwili kwa mpigo, chakula na kinga. Maziwa yalikuwa yakimpa vyote viwili. Tumbo lake halijazoea wanga na mashudu, na kinga yake mwenyewe bado changa. Kati ya ile ya mama inayokwisha na ile ya kwake inayoanza pana pengo, na wengi hufia humo. Siku hizi kuna vitabu na vipakiti kwa ajili ya pengo hilo. Sisi tulikuwa na uji uliochachushwa, mkaa uliosagwa kwa ajili ya kuhara, na majani ya mlonge. Uji uliochacha ulisaidia. Mkaa ulisaidia. Kuhara kulikoma mapema kuliko nilivyotarajia, nikadhani tumekwisha kuvuka.

Lakini hawakukua. Walikula na kubaki walivyo. Manyoya yalisimama, migongo ikapinda, wakaanza kuramba udongo wa ukuta mpaka yakatokea mashimo yenye alama za ndimi. Kisha wakaanza kutafunana mikia. Nilikuwa nikirudi jioni namkuta mmoja ana kisiki chenye damu na wenzake wamemzunguka. Jirani yetu, Bi Somoe, mjane wa Kiislamu aliyeuza vitumbua kwenye kibaraza chake upande wa pili wa ua, hakuwahi kutamka neno nguruwe, aliwaita wageni. Yeye Myao na mimi Mmakua, kwa hiyo tulikuwa watani, na hakunihurumia. "Mtani," aliniambia akiwa juu ya kigoda chake, kichwa tu kimejitokeza juu ya ua wa mabua, "wageni wako wanakulana mikia. Wakimaliza mikia watabisha hodi kwako."

"Watapitia kwako kwanza, kuna vitumbua."

"Wasipite! Nitahama na Newala nzima!"

Mama Nestori alicheka jikoni, na nilifurahi kusikia kicheko chake, maana siku zile alikuwa amepungua kucheka. Nilibadilisha kitu kimoja kimoja. Kwanza niliituhumu salfa yangu mwenyewe, nikaanza kuacha nguo nje ya ua na kuoga kabla ya kukaribia banda. Hakuna kilichobadilika. Nikayatuhumu mashudu, nikatafuta mengine yasiyo na ukungu. Nikahamisha kihori cha chakula kivulini. Kila badiliko nililipa siku kadhaa, nikatazama, nikaliandika akilini kwamba silo. Mmoja alikufa, kisha wa pili, yule wa kisiki. Mama Nestori alisimama kwenye mlango wa banda akasema, "Hawa hawatafika," na nilisikia zaidi ya alichosema.

Wakati huo wote nilikuwa nikila naye chakula kisicho na chumvi. Kwetu hakuna asiyejua: mtoto akiwa kumbini, mama yake hatii chumvi chunguni, halali na mwanamume, hanyoi nywele, mpaka kidonda cha mtoto kipone na atoke. Akivunja miiko, kidonda hakifungi. Hayo hufuatwa na anayekwenda kanisani na anayekwenda msikitini. Mimi sikuwa na mtoto kumbini, ningeweza kununua chumvi yangu nikanyunyiza sahanini mwangu, lakini nilikataa. Nilikula mbaazi zilizo na ladha ya udongo na kisamvu cha karanga, nikaona kwamba ulimi, baada ya kununa siku chache, huanza kuusikia utamu wa karanga wenyewe. Nilikula hivyo kwa ajili yake, na naamini alijua. Na kwa kuwa chakula chetu cha chukuchuku kilikuwa jambo la kawaida kama jua, hakikunifikisha kwenye lile lililokuwa mbele ya macho yangu.

Lililonifikisha ni mkono wangu. Jioni moja nilirudi nimechoka, nikasahau kuoga, nikaingia bandani na jasho limekaukia mikononi likaacha ukoko mweupe. Niliinama kumtazama mmoja mkia, na watatu wakaja wakaanza kuniramba kifundo cha mkono, kwa pupa, wakisukumana, ndimi zinakwaruza. Walipomaliza mkono walihamia kwenye shati, mgongoni, pale jasho lilipokauka. Nilikaa chini kwenye maranda nikawaacha wanirambe. Kisha nikaenda jikoni.

"Mama Nestori. Katika chakula chao, chumvi unatia?"

Alicheka kwanza, kama mtu aliyeulizwa kama anapumua. Kisha kicheko kikakatika. "Nitie kwa mkono upi?" akasema. "Mkono si huu huu?"

"Na dagaa?"

"Dagaa wa pwani wana chumvi. Nimeweka kunde."

Sikuwa na la kumlaumu, na hata sasa sioni. Mkono unaomkorogea mtoto aliye jandoni chakula ndio huo huo unaokoroga kihori. Aliufuata mwiko mpaka mwisho wake, kwa unyoofu zaidi kuliko wanawake wengi. Nilimweleza nilichokielewa, kwamba mwili unaoanza kujitegemea hauwezi kujijenga bila chumvi, hauli vizuri, hausagi vizuri, na mwisho huitafuta katika damu ya mwenzake. Alinisikiliza. "Basi kuna viumbe wanataka chumvi ili wapone," akasema, "na kuna mtoto anataka isiwepo ili apone. Na wote wamo katika ua mmoja." Alikataa chumvi isiingie uani kwake hata ikiwa mikononi mwangu. Sikumbishia. Ningembishia juu ya nguruwe. Juu ya Nestori sikuwa na kauli.

Bi Somoe alikuwa amesikia yote, kama kawaida yake. Kichwa kikatokeza. "Chumvi itakaa kwangu," akasema. "Mama Nestori, weka moyo chini, haitavuka. Mtani atachanganya huku kwangu, chini ya mkorosho, kwenye ndoo yake. Na wewe Mtani, mimi usiniambie chakula hicho kinaliwa na nani. Nikiulizwa kesho kwa Mungu nitasema nilimwekea jirani chumvi."

Ikawa hivyo. Alfajiri na jioni nilichanganya kwa Bi Somoe, nikapitisha chakula nyuma, kupitia mlango wa banda uliotazama nje. Dagaa wakarudi. Chumvi nilitia kidogo sana, kiasi cha kushikwa na vidole vitatu kwa ndoo nzima, kisha nikaongeza polepole, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba nguruwe aliyekula chumvi akakosa maji huanza kuzunguka, hugonga kichwa ukutani, hufa. Na Newala wakati wa kiangazi maji hayapatikani mlangoni. Nilianza kuamka mapema zaidi, nikashuka bondeni na baiskeli na madumu, nikapanda nayo nikiisukuma, kisha ndipo niende kwenye salfa. Kabla wiki haijaisha, mikia iliyobaki ilianza kupona. Waliuacha ukuta.

Ndipo ikaja habari kutoka kumbini kwamba Nestori ana homa.

Mama Nestori alikuja mpaka kwenye ua wa mabua, mimi nikichanganya upande wa pili, hakulia. "Ulinawa mikono?" akaniuliza. "Kila mara?" Nikasema kila mara. "Unapita uani kwangu na nguo zako. Unalala hatua chache kutoka chungu changu." Nilijua kwamba mambo mawili kufuatana hakuna maana kwamba moja limezaa lingine, hilo nilikwisha kujifunza bandani wiki zile zile. Hata hivyo chumvi niliisimamisha siku hiyo hiyo, nikakaa nikingoja pamoja naye, na usiku ule nilisikia hatua zake zikienda na kurudi upande wa pili wa ukuta wa udongo. Kulipokucha mjomba wake Nestori akaleta habari: malaria, amepewa dawa, kidonda ni kizuri, mtoto amekula uji. Mama Nestori alikaa kizingitini, akaishika mikono yake mwenyewe.

"Endelea na chumvi," akaniambia baadaye. "Lakini hama."

Nilihama asubuhi ile, godoro kichwani, kwenda chumba cha nyuma cha Bi Somoe, chumba chenye magunia ya unga wa vitumbua na harufu ya mafuta yaliyopoa. Bi Somoe aliniambia mimi ndiye mwanamume wa kwanza kuachika kabla ya kuoa. Niliishi kule mpaka mwisho wa jando. Sikumwona Mama Nestori isipokuwa kwa vipande kupitia nyufa za ua: kanga, mkono unaomwaga maji, kisigino. Lakini nilimsikia. Sauti ya mtu usiyemwona huingia ndani zaidi. Nilimsikia akiimba akitwanga, akimkemea kuku, na jioni, nilipokuwa nikichanganya chini ya mkorosho, akiuliza bila kusogea jikoni kwake, "Wanaendeleaje?" Nami nikijibu kwamba wamerefuka, kwamba manyoya yamelala, kwamba yule mwenye sikio lililopasuka sasa ndiye anayewasukuma wenzake. "Haya," alisema. Hakuwahi kuzidisha hapo. Nimeishi na watu wengi na kuzungumza nao maneno mengi, na sina mazungumzo ninayoyatamani kama hayo ya neno "haya" juu ya ua wa mabua.

Wali, wale watoto wa jando, walitoka kumbini siku ya jua kali, ngoma imeanza alfajiri. Nestori alikuja katikati ya wenzake, nguo mpya, paji limepakwa mafuta. Nilikuwa nimesimama na watu kando ya njia. Nyuma ya kundi la wajomba alikuwepo mwanamume mrefu mwenye shati la mikono mirefu na viatu vya vumbi jekundu la safari, na niliposikia mwanamke mmoja kando yangu akisema, "Ama! Si Baba Nestori yule?" nilikuwa nimekwisha kujua, kwa sababu mtoto alikuwa amewaacha wenzake, ameshika kidole cha mtu yule na haukuonekana mpango wa kukiachia.

Jioni Mama Nestori alikuja mwenyewe kwenye ua na sahani. Alikuwa amenyoa nywele. Pande zote mbili za uso wake zilionekana. Akainua sahani juu ya mabua. "Onja," akasema. Zilikuwa mbaazi, na zilikuwa na chumvi. Baada ya majuma yale ilinichoma ulimi kama pilipili.

"Imezidi?" akauliza.

"Haijazidi."

"Baba Nestori amekuja."

"Nimemwona."

Alitazama upande wa banda, kulikokuwa na kelele za kihori. "Mtoto alikuwa akimwota kumbini," akasema. "Wameniambia. Katika homa ile alikuwa akimwita yeye." Nilirudisha sahani nikiwa nimeimaliza, kwa sababu hakuna kingine nilichoweza kumfanyia. "Wale chukua wewe," akasema. "Wamekua kwa mkono wako." Wiki iliyofuata walikwenda Tunduru, watatu, na mimi niliwateremsha nguruwe wangu Masasi. Wote nilionao leo wametokana na wale.

Haya yote sikumwambia Nestori. Tulichagua watoto sita, nikamtazamia mikia, meno na migongo, nikamfungia na chakula cha siku za mwanzo ili asiwabadilishie ghafla. Alipokuwa akiwapakia nilimwuliza kama mama yake alifuga kule.

"Mpaka mwaka huu," akasema. "Kuchanganya alituachia sote, hata watoto wangu. Isipokuwa chumvi. Hiyo alitia mwenyewe, kila siku, na kama anasafiri aliifungia kabatini. Tulikuwa tunamcheka. Anasema, 'Ninyi chekeni, kuna mtu alihamishwa nyumba kwa chumvi hii.' Tukimwuliza ni nani, anasema, 'Haya.'"

Nilimsaidia kufunga kamba. Akaniaga kwa adabu, akaondoka.

Jioni ile binti yangu, anayenipikia tangu mama yake atangulie, aliweka mbaazi mezani. Nilimwomba kuanzia kesho anipikie zangu kwenye sufuria ya peke yake, bila chumvi.

"Presha, Baba?"

"Ndiyo," nikasema.

"Mpaka lini?"

Nilisikia huko nje kihori kikisukumwa, watoto walioachishwa juzi wakigombania nafasi. Nikamwambia nitamjulisha, nikainuka kwenda kuwatilia chumvi.